Mwanamke wa Mwezi wa Tatu

Malaba
9 Februari 2025

Dada Eucabeth,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana. Jumapili ile sikuishiwa salio, nilikata tu. Nisamehe. Kwenye karatasi angalau kila mtu atamaliza la kwake kabla mwenzake hajamrukia, na Paulinus wa mkate anapita kwako na kwangu mara kadhaa kwa juma, kwa hiyo posta hatuihitaji.

Huyo Paulinus nimempa kalenda akuletee. Bosi wangu Abdulnoor aliletewa boksi zima na watu wa mbolea ile inayotoka Urusi, akatugawia ofisini, nami nikaomba mbili. Moja nimeitundika sebuleni kwangu, nyingine ni yenu. Kila mwezi una mchoro wa watu wa huko wa zamani. Januari ni kanisa na theluji, Februari ni samovari, lile birika lao kubwa la chai, na matunda. Lakini kabla hujafungua mwezi wa tatu, keti kwanza. Kuna mwanamke ana uso wa kijani. Kijani kabisa, dada, kama mboga ya mrenda iliyozidi kuiva. Macho hayalingani, mdomo umekwenda upande, na shali nyekundu inataka kumnyonga. Nilicheka mpaka bosi akachungulia. Sijui nani alilipwa kuchora hivyo.

Mama anakulaje? Nilimwambia mume wangu Ikapel tungemleta hapa Malaba akae kidogo upumzike, lakini wewe mwenyewe unajua, mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Mambo mengine ya zamani tumeyaacha, hili hatuwezi. Wazee wa kwetu wangesema nini?

Nitakuja Pasaka Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Vivianne


Butula
6 Machi 2025

Vivianne,

Sitauliza kama u mzima, maana utasema ndiyo.

Kalenda ilifika, na imeniletea kazi. Paulinus aliishusha garini ikiwa imefunguka upande wa yule mwanamke wako, akaitembeza uwanja mzima ameishika mbele ya kifua kwa mikono miwili. Unajua hapa kwetu picha kubwa ya uso inabebwa hivyo lini. Saa sita haijafika, mama Fazila wa dukani amekuja na sukari na majani ya chai, anauliza amekufa nani na atazikwa lini. Nilipomweleza kwamba ni kalenda aliitazama muda mrefu, akasema basi huyo kama hajafa anakaribia. Sukari aliniachia.

Niliitundika ukutani mkabala na kitanda cha Mama, maana ndipo palipokuwa na msumari. Ilipoingia Machi nikafunua. Mama akaiona. Akaamka akaisogelea, akaitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Vivi, umekuja?" Halafu akanigeukia mimi, "Wewe, mletee Vivi uji."

Nikaleta uji. Ningefanya nini? Aliuweka sakafuni chini ya picha na alipogeuka nikautoa. Tangu siku hiyo ni Vivi asubuhi, Vivi jioni. Vivi amekonda. Vivi hasemi siku hizi.

Nimechoka, Vivianne. Siandiki hili ili unihurumie, naandika kwa sababu ndilo jambo lililopo. Kumwogesha si kazi. Kumtafuta barabarani akitoka kwenda kwa mama yake aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa, hiyo nayo nimeizoea. Kinachonimaliza ni kwamba hakuna mtu wa kunipokea. Cherehani yangu imefunikwa gunia tangu mwaka juzi. Nipe mwezi mmoja tu.

Nakungoja hiyo Pasaka.

Eucabeth


Malaba
27 Aprili 2025

Dada yangu,

Pasaka imepita na sikuja. Malori yalipanga foleni kutoka mpakani mpaka nje ya mji, mtambo wa forodha ulilala, madereva wakawa wanapigana ofisini kwetu kana kwamba sisi ndio tuliouzima. Abdulnoor hakutoa ruhusa kwa mtu yeyote. Naomba uniamini.

Kwa hiyo Mama ananiona mimi katika yule kiumbe! Nilisimama mbele ya kioo nikajitazama. Mimi nina uso wa kijani?

Lakini sikiliza. Kuna mzee anaitwa Geoffrey, daktari wa ng'ombe, alisomea Urusi zamani na husafirisha dawa kupitia kwetu. Nilimwonyesha ile picha ili tucheke wote, naye hakucheka. Akavaa miwani. Alisema ni ya miaka mia moja na zaidi, ya vijana wa Urusi waliochoka kuchora watu kama wanavyoonekana. Waliona kupaka shavu rangi ya shavu ni kurudia tu kile ambacho kila mtu ameshakiona. Wao walitaka kupaka kile ambacho mtu anakisikia ndani yake. Nikamuuliza basi kijani ni nini, ugonjwa? Akasema, "Mama, usimuulize ana ugonjwa gani. Kaa naye tu umtazame, halafu uangalie wewe unasikia nini." Akaongeza kwamba baadaye wakubwa wa huko walizichukia picha hizo, zikafungiwa stoo miaka mingi zimegeuziwa ukuta. Jina la mchoraji tulilitafuta, kumbe lilikatwa kalenda ilipokuwa inapunguzwa pembe. Limebaki neno moja la Kirusi chini, ambalo mzee alisema maana yake ni "mwanamke" tu. Hakuna zaidi.

Nilijaribu kukaa naye kama alivyosema. Nikaona ule mstari mweusi mnene unaozunguka uso wote. Ukiuondoa ule mstari nadhani uso utamwagika. Halafu chai ikachemka, nikaondoka.

Mwambie Mama Vivi anamsalimu. Yule wa kweli.

Vivianne


Butula
1 Juni 2025

Vivianne,

Hapa nyumbani bado ni Machi. Nilifunua Aprili, kuna maua. Mama alipoona Vivi hayupo alilia mpaka majirani wakaja, akasema nimekufukuza. Nikarudisha. Sasa ukitaka tarehe katika nyumba hii uulize redio.

Na kwa kuwa tumebaki na huyo mwanamke, nimekuwa nikimtazama. Mama akilala mchana mimi hukaa kwenye ndoo niliyoipindua, naye yuko mbele yangu. Mwanzoni nilimwona mgonjwa wa nyongo. Baadaye nikaona kijani chenyewe si kimoja. Kwenye paji la uso kimechanganywa na njano, chini ya macho kimekuwa karibu buluu, na pale buluu ilipo brashi ilipita mara moja tu, haikurudi kurekebisha. Mimi mshonaji, najua mkono ulioacha mshono kwa uvivu na mkono ulioacha kwa sababu ukiongeza utaharibu. Huyu aliacha akijua. Na lile jicho kubwa linakutazama, lakini lile dogo halikutazami, limeshaingia ndani kupumzika. Nusu ya huyu mwanamke imelala akiwa amekaa wima. Nilipoliona hilo nilisisimka. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha uchovu wangu kwa nje namna hiyo. Ni picha nzuri, Vivianne. Mbaya hivyo hivyo, ni nzuri sana.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijalisema kwa mtu. Mama haniiti jina. Tangu mwaka jana mimi ni "wewe". Siku nyingine ni "yule wa jikoni". Mwezi uliopita alimwambia mama Fazila kwamba nyumba hii ina msichana wa kazi mzuri, ila hajui ametoka kwa nani. Wewe ambaye hujakanyaga hapa mwaka mzima, wewe una jina, unapewa na uji. Mimi ninayemkata kucha sina. Najua ni ugonjwa. Najua yote ambayo daktari wa hospitali ya Nangina alituambia. Lakini kujua hakunisaidii ninapomfunika blanketi naye ananiuliza kama mama yangu yuko hai.

Njoo. Sikuombi pesa wala maelezo. Njoo ukae mwezi mmoja.

Eucabeth


Malaba
22 Juni 2025

Dada,

Barua yako niliisoma ofisini nikaifunga haraka.

Kuja kulala huko kwa sasa ni vigumu. Ikapel hapendi nyumba ibaki bila mtu, na unajua alivyo na maneno. Ningekuwa na uwezo ningemchukua Mama nije naye hapa, kitanda kipo, hospitali ipo karibu. Kinachonizuia ni ule mwiko tu, mama mkwe na mkwe chini ya paa moja. Siwezi kumwaibisha Mama katika uzee wake, wala kumwaibisha mume wangu. Nivumilie mpaka Agosti tuone.

Kuhusu jicho dogo, nimelitazama. Umesema kweli.

Vivianne


Butula
13 Julai 2025

Vivianne,

Alhamisi nilianguka sokoni. Si kuanguka kwa kishindo. Nilichuchumaa kuchagua nyanya, nilipotaka kusimama miguu ikakataa, nikaketi hapo hapo kwenye udongo mpaka wakanileta nyumbani na pikipiki, dereva mbele na mwanamke mwingine nyuma yangu akinishika kama gunia. Mama alikuwa ndani, mama Fazila amemfungia mlango. Alinitazama nikiingizwa akasema, "Vivi, angalia, wewe amelewa." Nilicheka, halafu sikuweza kuacha kucheka, na mwisho wake hakikuwa kicheko.

Paulinus alikuja Ijumaa akanikuta kitandani. Nilimwambia kama ungeweza ungekuja, ila una mume mkali. Akashika kofia yake akaizungusha. Nikamuuliza kuna nini, akasema nisimtaje. Basi namtaja. Alisema Ikapel alihama tangu kabla ya Krismasi, anaishi Tororo, ng'ambo ya mpaka, na mtu mwingine, na kwamba Malaba nzima inajua, mpaka watoto wanaokuja kununua mkate.

Kwa hiyo hakuna mkwe katika nyumba hiyo. Kuna paa tu.

Sina hasira juu ya ndoa yako. Ningekuwa na nguvu ningekuja nikupikie chai tukamseme Ikapel mpaka masikio yamuwashe. Lakini umeniacha nibebe huu mzigo miezi yote hii ukiniwekea mlangoni mwiko usio na mtu. Nimechoka hata kukugombeza. Nataka tu uniambie kwa nini.

Eucabeth


Malaba
16 Julai 2025

Dada yangu Eucabeth,

Kwa nini. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Aibu ya Ikapel ipo, sitaikataa. Nilidhani ukijua utaniambia ulinionya, na kweli ulinionya. Lakini ningeweza kuja na aibu yangu nikaificha chini ya kitanda. Si hiyo iliyonizuia. Nilikuwa naogopa Mama. Ulipoandika kwamba ananiita katika ile picha, nilifurahi, dada. Nilifurahi vibaya. Mume amenisahau, lakini mama yangu amepoteza dunia nzima na jina langu amebaki nalo. Nikawaza nikija na uso wangu huu, atanitazama kama anavyokutazama wewe, ataniita "wewe", na hapo nitakuwa sina hata mahali pamoja ninapokumbukwa. Afadhali nibaki ukutani. Ndiyo hivyo, nimelisema.

Jana nilikaa mbele ya mwanamke wetu mpaka taa ya mtaani ikawaka. Mimi nilikuwa naangalia mdomo. Ule mdomo ulioenda upande niliucheka Februari. Ni mdomo wa mtu aliyeanza kusema jambo akaona halisaidii. Mchoraji alimkamata hapo hapo, kabla hajaufunga. Nimekuwa na mdomo huo tangu Krismasi na wewe nadhani tangu zamani zaidi. Tulipokuwa tunagombana kwenye simu ni midomo hiyo miwili iliyokuwa inagombana.

Abdulnoor nimemwambia nina mgonjwa, akasema, "Nenda dada, malori hayataisha." Nakuja Jumamosi na gari la Paulinus. Ufunguo wa nyumba yangu nitakukabidhi mkononi, na wewe utakuja nao huku Malaba na gari hilo hilo siku hiyo hiyo. Usipike wala usifue. Wewe huna mkwe wa kumwogopa hapa, kitanda kimetandikwa.

Vivianne


Malaba
5 Agosti 2025

Vivianne,

Nimelala. Sijui niseme nini kingine kuhusu juma la kwanza. Nililala, nikaamka nikala mkate wa Paulinus, nikalala tena. Malori yanaunguruma hapo nje na mimi sisikii. Juma la pili nilianza kutoka mpaka kwenye kibaraza. Majirani zako wananiuliza kama mimi ni mama yako. Nimewaambia ndiyo, ili wasiulize zaidi.

Kalenda yako nayo iko Machi. Kumbe hukuwahi kufunua Aprili, na ulikuwa unaniandikia tarehe kama mtu wa kawaida! Hapa kwako mwanga unamfikia kutoka upande wa dirisha na asubuhi ile shali inakuwa nyekundu zaidi. Nimeona jambo ambalo Butula sikuliona: hana mikono. Picha imekatika pale mikono inapoanza. Nilimwonea wivu kwa hilo.

Lakini si hayo niliyotaka kuandika. Nataka kukuuliza jambo, na unijibu bila kunipamba, mimi si mtoto. Mama amegundua kwamba sipo? Nisingeuliza, ila nikiwa nimelala mchana huwa nashtuka nikidhani ananiita, halafu nakumbuka kwamba hajawahi kuniita. Kama hajagundua, sema hajagundua. Nitarudi tu mwisho wa mwezi kama tulivyopatana, kazi ni ile ile, msichana wa kazi harudi kwa sababu amekumbukwa.

Eucabeth


Butula
12 Agosti 2025

Dada,

Nitakujibu bila kukupamba.

Jumamosi ile baada ya wewe kuondoka nilisimama mbele ya Mama nikasema, "Mama, mimi ni Vivianne." Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa kanisani, akasema karibu. Halafu akasema, "Wewe, uji uko wapi?" Basi. Nililoliogopa miezi yote hii lilichukua muda wa kunywa uji. Mimi ndiye "wewe" sasa. Nimeungua mkono kwa sufuria, nimemtafuta mpaka njia panda akienda kwa mama yake, na kiuno changu kimekuwa cha bibi. Sijui umewezaje. Naandika hivyo na najua haitoshi.

Nilingoja aseme na picha. Nilijiambia, haya, hanijui, lakini kule ukutani atanisalimu na mimi nitasikia. Siku za kwanza hakusema na picha kabisa. Alikuwa anasimama mlangoni akitazama jikoni. Nikiingia ananitazama mikono, anarudi mlangoni. Niliudhika, nikadhani ananikagua.

Jana asubuhi nilikuwa nachambua mboga chumbani kwake ili nimwone. Akaamka akaenda kwenye picha. Akachukua ncha ya leso yake akailowesha kwa mate, kama alivyokuwa anatufuta sisi tukienda shule, akamfuta yule mwanamke shavuni. Akafuta taratibu pale kijani kinapogeuka buluu, pale ulipoandika kwamba brashi ilipita mara moja. Akasema, "Eucabeth. Keti, mwanangu. Umesimama tangu asubuhi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Akasema, "Eucabeth, hiyo kazi haiishi, keti." Halafu akanigeukia na kunituma nikuletee kigoda.

Dada, ile picha haikuwa mimi. Anaipa jina la yule asiyemwona nyumbani. Miezi yote ile aliita Vivi kwa sababu Vivi hakuwepo. Wewe hakukuita kwa sababu ulikuwepo. Ulikuwa unapita mbele yake, unamshika, unamlisha, angekuitia nini? Juma la kwanza nilipofika, alipokuwa amesimama mlangoni, hakuwa ananikagua mimi. Alikuwa anakutafuta wewe. Nilikuwa chumba kile kile na bakuli la mboga mapajani, Vivi mwenyewe mzima, na jina lililoitwa lilikuwa lako. Niliumia kidogo, usiniulize sana. Nilifurahi zaidi.

Kwa hiyo amegundua. Aligundua kabla sijamaliza kufungua begi.

Usirudi mwisho wa mwezi. Abdulnoor nimempigia, nimeongeza siku, na tutapanga zamu kuanzia sasa, wewe na mimi, mpaka mwisho. Lala. Kigoda nimekileta, amekiweka chini ya picha na ameniambia nisikisogeze, maana Eucabeth amechoka. Leo nimefagia nikikizunguka.

Nduguyo,
wewe wa jikoni,
Vivianne